Kumfundisha Mtoto Mwenye Disleksia Kusoma Kiswahili: Mwongozo Kamili, Hatua kwa Hatua

Mtoto anaghani "ba be bi bo bu" toka mwanzo hadi mwisho bila kukosea. Sasa funika mstari wote, mwachie "bo" peke yake. Anatazama juu, midomo inacheza, na ukitega sikio utamsikia akinong'ona: ba... be... bi... bo! Amefika, lakini hakusoma. Ameimba mpaka wimbo ukampitisha kwenye jibu, na kesho ukimpa neno "boma" atakwama palepale.

Hili ndilo kosa ninalokutana nalo kuliko yote kwa wazazi na walimu wanaojaribu kumsaidia mtoto mwenye disleksia. Bidii wanayo. Wanarudia mara mia na kukaa naye kila jioni. Kinachokosekana ni mpangilio: wanarundika herufi mpya juu ya zile ambazo mtoto amezikariri kwa mfuatano tu, na akifika kwenye maneno marefu kila kitu kinaporomoka kwa pamoja.

Njia iliyoelezwa hapa ni ya polepole na ina masharti. Sauti moja kwa wakati wake. Hakuna kuongeza kipya mpaka kilicho chini yake kiwe rahisi kwake kama kutaja jina lake mwenyewe. Na kila anachokisoma, anakiandika.

## Kabla ya kuanza

Disleksia ni ugumu wa kuzitambua sauti zilizomo ndani ya maneno na kuzifunga na herufi zake. Haitokani na uvivu, na haina uhusiano na akili ndogo. Kwenye Kiswahili inajificha vizuri sana. Kwa kuwa herufi zetu husomwa karibu vilevile siku zote, mtoto mwenye disleksia anaweza hatimaye kusoma kwa usahihi, ila taratibu mno, huku imla yake ikijaa silabi zilizorukwa. Watu husema "anajua, ila mzito," halafu wanamwacha hivyo. Uzito huo wenyewe ndio dalili.

Mpeleke apimwe macho na masikio kwanza. Asiyesikia vizuri tofauti ya "p" na "b" kwa sababu ya masikio anahitaji msaada mwingine kabisa. Kugeuza b na d peke yake kusikutishe, kwani watoto wengi wanaoanza kuandika hufanya hivyo, hata hadi miaka saba hivi. Cha kukutia shaka ni mambo kadhaa kwa pamoja: amefundishwa vya kutosha lakini hasongi mbele, anasahau leo alichokijua jana, hawezi kukwambia neno linaanza na sauti gani, na mara nyingi kuna mtu mwingine katika ukoo aliyeteseka vilevile.

Ukiweza kumpata mtaalamu wa kumpima, mpate. Ila usisubiri cheti ndipo uanze, maana mafunzo haya hayamdhuru mtoto yeyote.

## Vifaa

- Kadi ndogo za karatasi ngumu, zisizopungua 100. Andika irabu kwa rangi moja na konsonanti kwa rangi nyingine.
- Visanduku vitatu au bahasha tatu zenye majina haya: "Mpya", "Anasita", "Papo hapo".
- Sinia lenye mchanga laini, wa kuandikia kwa kidole.
- Kioo kidogo cha kutazamia mdomo.
- Vijiwe kumi, au vifuniko vya chupa.
- Daftari lenye mistari mipana, na penseli.
- Kipande cha karatasi ngumu kilichokatwa dirisha dogo katikati, lenye upana wa silabi moja.
- Saa ya kuhesabia dakika.
- Daftari lako mwenyewe mwalimu, la kuandika kila anapokosea na jinsi alivyokosea.

Visanduku vitatu vina kazi kubwa kuliko vinavyoonekana. Kadi huanza kwenye "Mpya". Akiijua kwa kufikiri kidogo, inakwenda "Anasita". Akiijibu papo kwa papo siku tatu mfululizo, inapanda. Akisita hata mara moja, inashuka, bila lawama. Hivyo ushahidi unakuwa mezani, na huamui kwa hisia kwamba "leo nadhani ameelewa".

Tenga dakika 30 kwa siku, siku tano kwa wiki. Akichoka haraka, zigawe mara mbili za dakika 15. Saa tatu za Jumamosi haziwezi kufidia wiki nzima iliyopita bila somo, kwa sababu mtoto huyu anahitaji kukutana na kitu kilekile mara nyingi, kwa vipindi vifupi, kabla hakijakaa.

## Hatua ya 1: Jua anaposimama

Andika herufi ndogo zote kwenye karatasi, kwa mpangilio wa ovyo. Zioneshe moja moja na uulize, "Hii inatoa sauti gani?" Kisha mpe silabi 20 zilizochanganywa. Mwisho mpe maneno bandia, yaani yasiyokuwepo: lifo, mobu, zofi, nepu, dolu.

Maneno bandia ndiyo kipimo chenyewe. Hayawezi kukaririwa wala kubahatishwa kwa picha. Mtoto anayetamka "meza" vizuri halafu akashindwa "zofi" anaikumbuka sura ya neno, hasomi sauti zake.

Usimsahihishe wakati wa kipimo. Andika tu, umshukuru, mfunge karatasi. Kisha anzeni hatua moja chini ya pale alipokwama, hata kama ana miaka kumi na moja na pale ni kwenye "a". Najua inauma kumrudisha mtoto mkubwa kiasi hicho. Mwambie ukweli: "Kuna matofali yaliwekwa vibaya zamani, tunayapanga upya." Wengi hupumua kwa nafuu kusikia kwamba tatizo lina jina na lina dawa.

## Hatua ya 2: Masikio kabla ya macho

Kwa dakika tano za mwanzo wa kila somo, hakuna herufi. Ni sauti tupu.

Anza na silabi: pigeni makofi ka-la-mu. Kisha mwambie, "Sema kalamu bila ka." Lamu. "Kwenye meza, toa za, weka no." Meno. Akizoea, shuka kwenye sauti moja moja kwa kutumia vijiwe. Neno "paka" lina silabi mbili lakini vijiwe vinne: p, a, k, a. Anasogeza kijiwe kimoja kwa kila sauti. Sasa ondoa kijiwe cha kwanza, weka kingine kiwe t. Limekuwa nini? Taka. Badilisha kiwe k. Kaka.

Sababu ya zoezi hili ni kwamba herufi ni alama ya sauti. Asiyesikia kuwa "paka" ina sauti nne hana pa kuzibandika hizo alama.

Onyo. Fundisha sauti, si jina la herufi. Aliyezoeshwa kwamba m ni "ma" akiiona "meza" anasoma "ma-e-za-a", na anashangaa kwa nini haleti maana. Sauti ya m ni mmm, midomo imefungwa, basi. Zile zisizovutika kama b, t na k zikate fupi, usiziburutie irabu nyuma.

Ukiona anaweza kuzitenga sauti zote katika maneno matano ya silabi mbili bila kukosea, masikio yameanza kufunguka. Lakini usingoje siku hiyo ndipo uguse herufi. Hatua hii inakwenda sambamba na inayofuata.

## Hatua ya 3: Herufi moja moja, kwa mpango

Achana na mpangilio wa alfabeti. Mimi hufuata huu:

a, m, i, s, o, l, t, u, k, e, n, p, f, w, z, h, b, y, r, j, g, v, d

Mpango huu una sababu tatu. Kwanza, m, s na l zinavutika, mmmm, ssss, kwa hiyo kuziunganisha na irabu ni rahisi. Pili, zinazofanana kwa sura au kwa sauti zimetenganishwa: b mbali na d, m mbali na n, l mbali na r, s mbali na z. Tatu, maneno yanakuja mapema. Kwa herufi tano tu za mwanzo mtoto anasoma mama, mimi, sisi, soma, somo, simama. Kwa mtoto aliyekaa miaka akiambiwa hajui, neno "soma" alilolisoma mwenyewe ni zawadi kubwa.

Herufi mpya hufundishwa hivi. Chukua s. Mwoneshe kadi, useme "sss". Aseme. Mshikishe kioo aone meno yamekaribiana na aweke kiganja mbele ya mdomo ahisi pumzi. Aandike kwenye mchanga kwa kidole, kubwa, akiitamka sauti muda wote kidole kinapotembea. Mara tano. Kisha kwenye daftari, mara tatu, vizuri. Kisha afumbe macho uiandike wewe mgongoni mwake kwa kidole, akwambie ni ipi. Jicho, sikio, mdomo na mkono vyote vimefanya kazi moja, na kimoja kikisahau kingine kinakumbusha.

Kuhusu b na d: ukifika d, b iwe imekwisha kukaa "Papo hapo" kwa wiki kadhaa. Tofautisha mkono kabla ya jicho. b huanza na mstari mrefu toka juu, ndipo tumbo. d huanza na tumbo, kama unaandika a, ndipo mstari unapanda juu na kushuka. Akisahau, mwambie aanze kuiandika hewani, mkono utamjibu. Kuwaweka b na d ubao mmoja siku moja ili "aone tofauti" ndiko kunakowafunga pamoja kichwani.

Herufi kubwa zisubiri. Sehemu kubwa ya maandishi ni herufi ndogo.

Mwendo wa kawaida ni herufi mbili kwa wiki. Wengine ni moja, na hakuna ubaya.

## Hatua ya 4: Kuunganisha

Hapa ndipo wimbo wa ba be bi bo bu unapoharibu kazi, kwa hiyo hapa tutakaa.

Sharti la kwanza: usiandike silabi kwa mfuatano wa a e i o u hata siku moja. Weka kadi ya konsonanti mezani. Kadi za irabu zichanganye, zifunike, afunue moja na kuiweka kando ya konsonanti. Hajui itakayokuja, kwa hiyo hana wimbo wa kupanda.

Kidole chake kiwe chini ya m, kiteleze hadi o bila kukatika, na sauti iteleze nacho: mmmmooo, mo. Akisema "m", akanyamaza, kisha "o", atabaki na vipande viwili mkononi. Pengo hilo ndilo la kuzibwa.

Konsonanti zisizovutika zina ujanja wake. Kwa "bo", mwambie aandae midomo ya "o" kwanza, aiduarishe, aitazame kwenye kioo, ndipo aifunge kwa b na kuifungua. Mdomo unakuwa umeshaijua irabu kabla b haijatoka. Zoezi hili dogo limenifungulia milango mingi kuliko jingine lolote.

Zoezi lenyewe liende kwa ngazi:

1. Konsonanti ikae, irabu zibadilike ovyo: mo, ma, mi, mo.
2. Irabu ikae, konsonanti zibadilike: so, lo, mo, to.
3. Zote zibadilike: la, so, ti, mo.
4. Irabu itangulie: ota na toa, ila na lia. Herufi ni zilezile, mpangilio tofauti. Anayesoma "ota" kama "toa" hafuati mwelekeo, mrudishe kwenye kidole kinachoteleza.

Niliwahi kukaa na mtoto wa miaka tisa aliyekuwa akiifikia "so" kwa kupitia "sa, se, si", kwa kasi ya ajabu, chini ya pumzi. Darasani walidhani anasoma. Tulibaki na m, s, l na irabu tatu tu, yaani silabi tisa, kwa siku kumi na moja. Mama yake aliona tunapoteza muda. Siku ya kumi na mbili nilifunua "lo", naye akasema "lo" kabla kadi haijagusa meza, kisha akanitazama kama aliyemsikia mtu mwingine akisema. Silabi zilizofuata zilichukua siku mbili mbili.

Kipimo changu cha kuvuka: silabi kumi zilizochanganywa, tisa sahihi, bila kunong'ona, siku mbili mfululizo, na mwanzoni mwa somo kabla hajapashwa moto. Anachokijua baada ya dakika ishirini za mazoezi bado hakijawa chake.

## Hatua ya 5: Maneno mafupi, kusoma na kuandika pamoja

Mara tu silabi chache zikiwa imara, tengenezeni maneno, hata kama herufi nyingine bado hazijafundishwa. Katika kila maneno matatu, moja liwe bandia, na mwambie mapema kuwa ni bandia ili asijilaumu kwa kutolielewa.

Kila alichosoma akiandike kwa imla ya namna hii: unasema "salama". Anarudia. Anainua kidole kwa kila silabi: sa, la, ma. Anaandika silabi moja moja, akiitamka anapoiandika. Anaisoma kazi yake kwa sauti, kidole chini ya kila silabi. Makosa mengi anayakamata mwenyewe hapo mwishoni.

Akikosea kusoma, usimwambie "angalia vizuri". Anaangalia. Amesema "sema" mahali pa "soma"? Andika "sema" chini ya "soma", mwulize, "Umesoma hili. Zinatofautiana wapi?" Au funika kila kitu, mwachie silabi ya kwanza kwenye dirisha la karatasi. Picha za kitabu zifunikwe mpaka amalize kusoma, zifunuliwe kuthibitisha. Kubahatisha kwa picha ni tabia inayokua haraka kuliko kusoma.

Irabu zinazofuatana zinahitaji siku zake peke yake: saa, kaa, kioo, kuona. Kila irabu ni kofi lake: ki-o-o, ku-o-na. Watoto wenye disleksia hula irabu ya pili, wakaandika "kio" na "kona".

## Hatua ya 6: Herufi mbili, sauti moja

Sh, ch na ny ziandike kwenye kadi moja, zisitenganishwe kamwe. Kwa mtoto, sh ni kitu kimoja chenye sauti moja. Th, dh, gh na kh zije mwisho, maana nyumba nyingi hazizitamki, na mtoto hawezi kuandika tofauti ambayo hajawahi kuisikia. Hapo kioo kirudi: kwenye th na dh ulimi unaonekana kati ya meno.

Kisha mb, nd, nj, ng, mv, nz. Sauti hizi huanzia puani, na mtoto mwenye disleksia huiacha hiyo ya puani. Anaandika "kaba" akikusudia "kamba". Mwambie ashike pua yake kwa vidole viwili mkisema jozi hizi: kaba na kamba, bali na mbali, goma na ngoma. Pua ikitetemeka kabla ya b, d au g, kuna m au n ya kuandika. Baada ya siku chache utamwona akishika pua peke yake katikati ya imla. Mwache.

Ng' ifundishwe wiki nyingine kabisa na ng. Alama ile ya juu ni sehemu ya herufi. Ng'ombe si ngombe.

W nayo hupotea: bwana inakuwa bana, swali inakuwa sali. Mwoneshe kwenye kioo jinsi midomo inavyoduara kabla ya irabu. Akiona duara, kuna w.

Halafu kuna m inayojitegemea: mtu, mti, mtoto. Hii ni silabi nzima isiyo na irabu, kofi lake peke yake: m-to-to. Ugumu unakuja pale m ile inapokutana na b. Mbuzi ni makofi mawili, mbu-zi. Mbuyu ni matatu, m-bu-yu. Macho hayawezi kuamua hapo. Ajaribu njia zote mbili kwa sauti, aone ipi inamletea neno analolijua. Hiyo ndiyo mara pekee ninayomruhusu kutumia maana kuamua sauti.

## Hatua ya 7: Maneno marefu

Hapa ndipo wengi hukata tamaa, kwa sababu Kiswahili hakimwonei huruma msomaji mchanga. Mtoto anaanza "hawatatuandikia", akifika kwenye "ndi" ameshasahau mwanzo. Kumbukumbu yake ya muda mfupi imejaa, basi anabuni mwisho. Utasikia "hawataanguka".

Kwanza, kata. Kanuni ni moja: kila baada ya irabu, kata kwa penseli. Ha/wa/ta/tu/a/ndi/ki/a. Hakuna haja ya kufikiri maana, na kanuni humsaliti mara chache tu: kwenye m inayojitegemea, ambayo ameshakutana nayo, kwenye n kama ya n-chi, na kwenye maneno ya kukopa kama daf-ta-ri.

Pili, kusanya ukirudi nyuma. Asisome silabi nane mstari mmoja. Ha, wa: hawa. Ta: hawata. Tu: hawatatu. Kila silabi mpya anaibeba pamoja na zilizotangulia. Akiangusha mzigo, anarudi mbili nyuma, si mwanzo.

Tatu, mkazo. Maneno yetu karibu yote hukazwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Mtoto anayetamka silabi zote kwa nguvu sawa husikia orodha, hasikii neno. Aweke nukta juu ya silabi hiyo, hapa ni "ki", alitamke tena neno zima akiipandisha. Mara nyingi uso unabadilika papo hapo: "Ahaa, hawatatuandikia!"

Silabi zikishakuwa nyepesi, mfundishe viambishi kama vipande vizima. Weka "soma" mezani, ubadilishe kadi ya mbele: anasoma, alisoma, atasoma, amesoma. Kisha mwenye kutenda: ninasoma, tunasoma, wanasoma. Kisha badilisha mzizi. Kadi kumi na mbili zinakupa maneno mengi mno, na neno la silabi nane linakuwa na vipande vitatu au vinne tu vya kubeba.

Amefaulu akipewa neno refu asilowahi kuliona, akachukua penseli bila kuambiwa.

## Hatua ya 8: Sentensi na kasi

Andika mwenyewe vifungu vifupi vya maneno 40 hivi, vyenye sauti alizokwisha kujifunza tu. Kifungu chenye sauti tatu asizozijua kinamrudisha kwenye kubahatisha.

Asome kifungu kilekile mara tatu siku moja: ya kwanza taratibu, ya pili ukimsaidia, ya tatu ukipima dakika moja. Andika idadi ya maneno sahihi kwenye jedwali lake. Mlinganishe naye mwenyewe wa wiki iliyopita, si na ndugu yake wala na viwango vya Kiingereza. "Hawatatuandikia" kwa Kiingereza ni maneno sita, kwetu ni moja.

Muda wote huu endelea kumsomea wewe vitabu vikubwa, vya umri wake. Akili yake ina njaa ya hadithi na maneno ambayo macho yake bado hayawezi kuyafikia.

## Ratiba ya dakika 30

Sauti kwa masikio dakika tano, kadi za visanduku dakika tano, jambo jipya dakika saba, maneno ya kusoma dakika tano, imla dakika tano, na dakika tatu za wewe kumsomea. Siku ambayo hakuna "Anasita" hata moja, usiongeze kipya cha pili kwa furaha. Malizeni mapema.

## Mambo yanayokwamisha kazi

Kusomeshwa kwa sauti mbele ya wenzake bila maandalizi. Zungumza na mwalimu wa darasa: apewe kifungu siku moja kabla, aongezewe muda wa mtihani, asomewe maswali pale kinachopimwa si kusoma, na makosa ya tahajia yasikatiwe alama kwenye somo la sayansi. Huo si upendeleo.

Kuchanganya na Kiingereza mapema. Herufi ni zilezile, sauti ni nyingine. Kama shule inalazimisha zote mbili, kadi za Kiingereza ziwe na rangi yake, saa yake, na ikiwezekana meza yake.

Miwani ya rangi na mazoezi ya macho. Yanauzwa kwa ahadi nzuri, lakini hayafundishi kusoma. Fedha hiyo mlipe mtu wa kukaa na mtoto dakika 30 kila siku.

Likizo. Mkirudi baada ya wiki mbili bila somo, msianze pale mlipoishia. Toa kadi zote za "Papo hapo", zichanganye, mpitishe moja moja. Zile atakazosita zirudi kwenye "Anasita", na somo la siku hiyo ndilo hilo.